Waya wa Bi Mwanakombo

Bwana Shemweta, bosi wa kampuni ya simu na intaneti, alikuwa bingwa wa kukomoa watu. Aliposikia kwamba Bi Mwanakombo, mwalimu mstaafu, amehamia kampuni nyingine, hakutuma fundi. Alikwenda mwenyewe, ngazi begani.

"Waya wetu naondoka nao," alisema akiwa nje ya dirisha. "Hao wapya watakutobolea ukuta."

"Haya, baba," Bi Mwanakombo alijibu kutoka sebuleni. "Ila huo uliopita ndani ya ukuta uache tu. Bomba lake lina kona mbili, na wewe na kitambi hicho utaumia mgongo."

"Sibakishi hata shubiri," alisema Bwana Shemweta, akakunja mikono ya shati.

Alivuta. Waya ulikuwa mgumu kuliko alivyotarajia, lakini angemwambia nani? Alikanyaga ukuta kwa mguu mmoja, akavuta tena, akijisifu kimoyomoyo kwamba ujana bado upo, mpaka kiuno kikalia.

"Bado kidogo, baba," Bi Mwanakombo alimtia moyo.

Hatimaye mkia wa waya ukachomoka ukutani. Ulikuwa umefungwa kwa utepe mweusi, na nyuma yake ukatokeza waya mpya wenye nembo ya washindani wake.

"Ahsante, baba. Mafundi wao walikatazwa na kampuni yao kugusa waya wako, ndiyo nikaufunga mwenyewe."

Bwana Shemweta aliutazama ule utepe, akajishika kiuno.

"Mama, mbinu hii ya waya wa zamani kuvuta mpya ndiyo ninayowafundisha mafundi wangu," alisema. "Ungeniambia mapema, ningekuja na sabuni ya kuulainisha."