Mng'ao wa Kibao

"Mng'ao wa kibao si uzima wa muhogo." Mmeisikia leo maabarani, mkacheka, mkaniuliza imetoka wapi. Kaeni basi, vijana. Miguu yangu imechoka, na kisa chenyewe ni cha watu waliochoka. Chimbuko la methali hii ni hili.

Palikuwa na mtafiti, Sikudhani, katika kituo kilichotafuta muhogo usiooza kwa maradhi. Misimu miwili watu wa kwao walichimba mizizi mibovu, wakashindia uji wa chumvi. Alikuwa na aina mbili, mwekundu na mweupe. Vinasaba vya kila aina alivipima kwa vibao vya kioo vyenye nukta nyingi, kila nukta na kinasaba chake. Kinasaba kikifanya kazi, nukta yake hung'aa.

Nukta za vinasaba vya kinga za mwekundu ziliwaka kupita za mweupe. Desturi ni kusawazisha vibao kwanza, lakini Sikudhani alikuwa hoi, akairuka hatua hiyo. "Mwekundu ndio," akasema. Mweupe ukang'olewa, miti yake ikapelekwa jikoni iwe kuni.

Mzee Nankondo wa kijijini kwao akaja na lori kuwachukulia wanakijiji mbegu, yaani miti ya mwekundu ya kupanda. Wapakizi wakiwa kazini, Sikudhani akavitazama tena vibao ili aandike ripoti. Hata nukta tupu, zisizowekwa kitu, ziling'aa kwenye vibao vya mwekundu! Vilioshwa vibaya, rangi ikaganda kioo kizima. Akauondoa mng'ao ule wa bure, akavileta vibao vyote kwenye kiwango kimoja. Mweupe ukapanda juu. Mwekundu ukabaki hauna kinga ya maana. Alitaka kulia, akakosa hata nguvu ya kulia.

Akatoka nje. "Mzee, shusheni."

"Nishushe nini, mwanangu? Watu wananingoja."

"Huu nao utaoza. Kilichong'aa ni kibao, si muhogo. Nimekosea mimi."

Mzee akaegemea lori. "Na ule mzima uko wapi?"

"Jikoni."

Wakaenda mbio, mbio za wachovu. Mpishi alikuwa amekwisha kuchoma sehemu kubwa. Wakapekua masalia, wakikwangua maganda kwa kucha, wakitafuta miti ambayo bado ina utomvu na inaweza kuchipua.

Lori zima likarudi na kikapu kimoja cha pingili. Wanakijiji wakalizunguka, wakamuuliza mzee imekuwaje, na huo mwekundu uliosifiwa uko wapi. Alishuka polepole, akawaambia wanawake waendelee kuteleka uji wa chumvi msimu mmoja zaidi, mbegu ipate kuzaana.

"Mng'ao wa kibao," akasema, "si uzima wa muhogo."