Kutu Chini ya Rangi ya Fedha

Mtu mmoja alikuwa na gari la kubebea chumvi, na alikuwa na mdogo wake aitwaye Tindwa. Nyumba zao zilitazamana katika ua mmoja, na kila jioni ndugu hao walikula sinia moja.

Mtu huyo aliitwa Kitwana. Chumvi aliyoipakia ilidondoka safari baada ya safari, ikazila ringi za gari, zile duara za chuma zinazoshika matairi. Kutu ilipotokeza, Kitwana hakuisugua. Alinunua rangi ya fedha akapaka juu yake, na kila Idi ilipokaribia akapaka tena. Watu walimsifu kwa gari safi, naye sifa hizo alizipokea zote bila kubakiza.

Ikawa tairi moja la nyuma likaanza kupungua upepo. Asubuhi moja alilikuta limelegea, asubuhi zilizofuata limejaa vizuri, naye hakuuliza kwa nini. Kisha alfajiri moja aliamka mapema kuliko kawaida yake, akamwona Tindwa amechuchumaa kando ya tairi lile, mkono kwenye tundu la kujazia upepo. Hasira zikampanda. Tindwa alifungua kinywa aeleze, Kitwana akamkatiza, akamwita mwizi wa upepo mbele ya majirani. Siku hiyohiyo akaanza kujenga uzio katikati ya ua. Jioni kila mmoja akala kwake.

Hapo ndipo tairi lilipozidi kuisha upepo. Kila asubuhi lilikuwa limelala chini kabisa. Kitwana akasema mdogo wake anaruka uzio, akauongezea miiba. Likalala tena. Akachukua shuka akalala ndani ya gari lenyewe, tochi mkononi, na kulipokucha tairi lilikuwa chini. Mwenye akili zake angejiuliza hapo. Kitwana alijiuliza tu Tindwa ametumia uchawi wa wapi.

Mwishowe alikwenda kwa fundi wa pancha. Fundi alilizamisha gurudumu zima kwenye pipa la maji, akalizungusha taratibu. Mpira haukutoa kitu. Mapovu yalitoka pembeni, pale mpira unapokutana na chuma. Fundi akakwangua kwa ukucha, na rangi ya fedha ikabanduka pamoja na kutu.

"Tairi hili halina kosa," akasema. "Ringi yako imeshika kutu siku nyingi. Kama ulikuwa ukifika uendako, basi kuna mtu alikuwa akikujazia."

Kitwana aliitazama ile rangi iliyobanduka. Aliiona tena alfajiri ile, na safari hii akaiona pampu iliyokuwa mchangani, karibu na magoti ya mdogo wake. Alikuwa ameiona tangu siku ile. Hasira ndiyo iliyokataa kuitazama. Aibu ikamshika.

Fundi aling'oa tairi, akasugua chuma kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa, mpaka kikabaki kitupu. Akalirudisha tairi, akajaza, na upepo ukakaa.

Kitwana akarudi nyumbani, akasimama mbele ya uzio. Alikuwa ameujenga mrefu, na hakuuwekea mlango. Upande wa pili alimsikia Tindwa akiwaita wanawe waje kula. Kutu ya chuma ilikuwa imekwisha kabla ya adhuhuri. Na ile nyingine, ninyi mnaonisikiliza, aanze kuisugua wapi?