Shingo ya Baiskeli ya Righa

Ndugu zangu, leo nimewaletea mtu wa baiskeli. Ni mfano tu, kwa hiyo msianze kugeuka kumtafuta kwenye viti vya nyuma.

Mtu huyu tumwite Righa. Alikuwa mkulima wa kabichi katika milima hii yetu ya Taita, ana mke, Mkawasi, na watoto wadogo. Siku za kazi alikuwa shambani kama watu wengine. Lakini alikuwa na jambo moja alilolipenda kuliko kabichi, nalo ni mbio za kushuka mlima kwa baiskeli. Mnazijua. Wanapandishwa na lori mpaka juu msituni, kisha wanaachiwa mmoja mmoja, huyu akishatangulia kidogo ndipo anaachiwa mwingine, wanashuka kwenye mawe na mizizi mpaka uwanjani. Hakuna kukanyaga sana. Kazi ni kushika usukani na kutoogopa. Anayetumia muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi.

Baiskeli za mbio hizi si kama ile unayobebea gunia la viazi. Uma wake wa mbele, ile miguu miwili inayolishika gurudumu, ni mnene na una springi ndani, ili mawe yasimvunje mtu mikono. Na juu ya uma kuna kipande kifupi cha chuma kinachoushika usukani. Mafundi wanakiita shingo. Najua kuna aliyekwisha kuniwahi na mahubiri ya watu wenye shingo ngumu. Rudi, ndugu yangu. Leo siendi huko.

Ikawa mwaka mmoja Righa anashuka, akafika mahali penye majani yaliyoloa, gurudumu likateleza akaenda chini. Hakuumia. Alichubuka kiwiko tu. Lakini baiskeli yake ilikuwa na shingo ya aina ile ya kubana, ambayo hulikumbatia bomba la uma na kukazwa kwa bolti. Ukianguka vibaya, shingo hiyo huzunguka. Basi akainua baiskeli akakuta gurudumu linatazama njia, usukani unatazama msitu. Akajaribu kuurudisha peke yake, na pale ni mteremko, miguu haipati pa kukaa. Akashindwa.

Nyuma yake aliachiwa rafiki yake, Mwashigadi. Walisoma pamoja, walioa karibu mwaka mmoja, na mashamba yao yanapakana. Siku hiyo Mwashigadi alikuwa anashuka vizuri kuliko siku zote za maisha yake, na waliokuwa wamesimama kandokando ya njia walikwisha kuanza kusema kwamba kombe ni lake. Alipopinda kona akauona ule usukani uliokaa upande. Akafunga breki. Akaibana baiskeli ya Righa kati ya magoti yake, akauvuta usukani mpaka ukanyooka, akamwambia Righa atangulie. Kombe likachukuliwa na mtu kutoka upande wa pili wa mlima.

Watu wanasema, ndugu zangu. Sokoni walisema. Walimtania Righa kwamba yeye ndiye aliyeshikiwa gurudumu kama mtoto anayejifunza. Mwashigadi mwenyewe hakulitaja jambo lile hata mara moja, wala kwa utani. Na hilo ndilo lililomlemea Righa zaidi. Mtu akikukumbusha wema wake, angalau unapata nafasi ya kumkasirikia. Asipokukumbusha, utafanya nini?

Basi msimu mwingine ulipokaribia, Righa akaenda mjini kwa mwanamke mmoja mwenye duka la vipuri, akamwambia anataka shingo mpya. Mwenye duka akamwekea mbili mezani na kumweleza. Hii ya kubana ni kama aliyonayo. Faida yake, unaweza kuupandisha usukani au kuushusha upendavyo, na ukianguka inakubali kuzunguka kidogo, unainyoosha unaendelea. Ile nyingine haibani bomba. Inafungwa kwa bolti moja kwa moja juu ya uma wenyewe. Haizunguki. Ukigeuza mkono, gurudumu linageuka papo hapo, na watu wa mbio wengi siku hizi wanaipenda. Akamwambia zote mbili ni nzuri, na kwamba inategemea mtu anatafuta nini.

Righa akaigusa ile ya pili. Akasema, "Nipe hii. Nataka nikianguka asihitajike mtu wa kuninyooshea."

Je, alichagua vibaya? Hapana. Mimi si fundi, lakini niliowauliza wananiambia ni shingo nzuri, tena kwa mbio zile pengine ndiyo bora. Chuma hakikuwa na kosa lolote. Sikilizeni tu ile sababu aliyoitoa, halafu tuendelee.

Siku ya mashindano ikafika. Mambo yakawa kama mwaka uliopita, Righa mbele, Mwashigadi anafuata. Righa alishuka vizuri, usukani unamtii, mpaka alipofika sehemu ya mawe makubwa. Hapo gurudumu la mbele likaingia katikati ya mawe mawili na kusimama. Baiskeli ilisimama, yeye hakusimama. Ncha ya usukani ikamgonga chini ya mbavu, upande wa kushoto, kisha akaangukia ng'ambo.

Akanyanyuka. Hakuona damu. Akaitazama baiskeli, na kweli, usukani ulikuwa umenyooka kama alipotoka nao nyumbani. Akaisogeza kando ya njia, akaiegemeza kwenye jiwe, akaketi karibu nayo. Alijaribu kupumua kwa nguvu, akaona haiwezekani, akapumua kidogo kidogo.

Palikuwa na msimamizi wa kona, mwenye kibendera. Akamtazama kwa mbali. Aliona mtu ameketi, baiskeli nzima, usukani mahali pake. Akadhani amechoka au amekata tamaa, akaendelea na kazi yake.

Kisha akatokea Mwashigadi. Safari hii tena alikuwa anashuka kwa namna ambayo hakuna ambaye angemfikia. Akamwona Righa. Akapunguza mwendo, hakusimama.

Akauliza, "Righa, uko sawa?"

Righa akasema, "Niko sawa. Pita."

Akapita. Alifika uwanjani, saa ikasomwa, akawa mshindi. Vijana wakambeba mabegani. Mke wake akamvisha leso shingoni. Katikati ya zile shangwe alimwona Mkawasi, mke wa Righa, amesimama pembeni na mtoto mgongoni, hatazami washindi. Anatazama mlimani.

Mkawasi akamsogelea, akampongeza kwanza, maana ni mtu mwenye adabu. Kisha akamuuliza amempita wapi mume wake. Mwashigadi akaeleza kwamba Righa ameketi kando ya njia pale kwenye mawe, baiskeli haina kitu, naye mwenyewe amesema yuko sawa.

Mkawasi akasema, "Shemeji, hata akiwa na homa ya kumwangusha husema yuko sawa. Wewe humjui?"

Mwashigadi alishuka mabegani mwa watu, akachukua pikipiki ya mtu aliyekuwa karibu, akapanda kwa njia ya nyuma mpaka karibu na yale mawe, akamalizia kwa miguu. Alimkuta Righa amelala ubavu, amejaa jasho la baridi, midomo imebadilika rangi. Na bado, ndugu zangu, alipoguswa begani alinong'ona kwamba yuko sawa.

Wakamshusha kwa machela. Hospitalini wakakuta wengu umepasuka, na damu ilikuwa imemwagikia ndani muda wote aliokuwa ameketi pale. Wakampasua, wakautoa. Daktari alimwambia Mkawasi wazi kwamba angecheleweshwa kidogo tu zaidi, wangempokea akiwa maiti.

Alipona. Nawaambia mapema, maana naona mama mmoja pale ameshika mdomo. Alipona polepole, na kabichi zake zilivunwa na majirani.

Lakini mfano haukuishia hapo. Righa alipoanza kukaa kitandani, Mwashigadi alikuja kumwona. Walikaa muda mrefu wakizungumza habari za mvua na bei ya mbolea. Kisha Righa mwenyewe akalianza. Akamwambia rafiki yake asijilaumu. Akasema yeye ndiye aliyemwambia apite, kwa sababu mwaka uliotangulia alimharibia, na hakutaka kumharibia mara ya pili. Aliona heri aumie kimya.

Sasa hapa, kama ningekuwa mhubiri mwingine, ningefunga. Ningewaambia msiwe kama Righa, msifiche maumivu yenu, mkianguka semeni. Mngeitikia amina, na kila mmoja angetoka akimfikiria jirani yake anayejifanya mgumu. Ni kweli, Righa alikosea. Lakini yeye amekwisha kulipa, ana kovu la kumkumbusha. Mimi nataka tumtazame yule mwingine aliyeketi kwenye kiti cha wageni.

Mwashigadi alikunja vidole vyake. Kisha akasema, "Mimi nilijua."

Righa akamwangalia.

"Sauti yako haikuwa ile ninayoijua. Nilijua kuna kitu. Lakini uliposema uko sawa, nilifurahi. Jibu lako liliniachia njia."

Mmesikia? Hakusema alidanganywa, wala kwamba hakuona. Alisema alifurahi. Ni mtu mwema huyu, msisahau. Ni yule yule aliyefunga breki mwaka uliopita na kuliacha kombe liende. Mwaka ule aliuona usukani umepinda, hakuweza kujidai hajui, akasimama. Mwaka wa pili hakuna kilichopinda cha kuonekana kwa macho, kukawa na swali na jibu, akalishika jibu kwa mikono miwili kwa sababu lilimruhusu kuendelea.

Sasa sisi.

Tunasalimiana kuliko watu wengi duniani. Hatuwezi kununua hata kiberiti bila kwanza kuulizana habari. Habari ya nyumbani? Nzuri. Watoto je? Hawajambo. Na kazi? Tunashukuru Mungu. Nasimama pale mlangoni kila Jumapili nikiwaona mkitoka, mnapeana mikono, na mimi ni mmoja wenu. Mtu kabla hajamaliza kusema nzuri, mkono wetu umekwisha kuachia wake na macho yamekwisha kuhamia kwa anayefuata. Tunauliza, ndiyo. Tunauliza huku tunapita.

Nani kati yetu hajawahi kuisikia sauti ambayo siyo? Mjane anasema anaendelea vizuri, na koo lake linasema jingine. Kijana aliyeachishwa kazi anacheka kupita kiasi. Yule bwana na mkewe wanaokaa siku hizi viti viwili tofauti wanakwambia wote ni wazima. Umesikia. Moyo wako umesikia kabla ya masikio. Kisha ukajiambia, mwenyewe amesema nzuri, na ndani yako ukapumua, kwa sababu chakula kiko mezani, kuna mgeni anakungoja, kuna mkutano.

Hatuwalazimishi watu waseme wasichotaka. Hilo siagizi. Ninachoagiza ni kidogo, tena tutaanza nacho leo, tukishapokea baraka, hapo hapo mlangoni. Ukimuuliza mtu habari, mtazame. Akisema nzuri na usiamini, usiuachie mkono wake. Muulize mara ya pili. Na kama jibu lake la pili litakuchelewesha, basi chelewa.