Ngiri Aliyeziba Mlango Wake

Mkishashiba tu mnataka hadithi, na kila siku mnataka hii hii ya Ngiri. Ya Sungura kuiba karanga mmeichoka? Haya, sogezeni mkeka. Anayesinzia asije kuniuliza baadaye nani alikufa. Walikufa wengi.

Ukame uliingia nyikani mpaka Kobe akakonda ndani ya gamba lake. Likabaki bwawa moja, la Simba, mfalme aliyependa kusifiwa kuliko kunywa.

Ngiri alikuwa na mke, Mwanamvua, na watoto watano, na shimo alilolichimba mwenyewe. Sasa, ngiri wote huingia shimoni kinyumenyume, ili uso ubaki mlangoni wamwone ajaye. Huyu alitoa amri yake: mke na watoto watangulize vichwa, watazame ukuta. Yeye tu ndiye aliyeingia kinyumenyume, akakaa mlangoni na meno yake kama komeo. Aliyekohoa bila ruhusa alichomwa nayo. Maji aliyaleta yeye kwa kibuyu, akayagawa kwa matone.

Majirani walimsifu. "Kwa Ngiri kuna nidhamu," Fisi alisema. "Hata mtoto husikii akilia."

Wangelia kwa mate gani?

Siku moja Ngiri alikwenda kuchimba mizizi. Mwanamvua akachomoka, mbio hadi barazani kwa Simba.

"Mfalme, niruhusu niwapeleke wanangu kwa mama, ng'ambo ya mto. Kwa yule bwana tutakufa."

"Amekupiga?"

Akageuza ubavu. Simba akatazama upande mwingine, kama anayetafuta nzi.

"Mambo ya nyumbani hayo, bibie. Nikianza kuingilia nyumba za watu, kesho wataingilia yangu. Rudi, mvumilie."

"Mfalme," Sungura akadakia, "huyu hajaja kushtaki. Amekuja kuaga."

"Nani kakuuliza, wewe masikio?"

Mwanamvua akarudi kuwachukua watoto. Lakini Fisi alikuwa ametangulia kupeleka umbea, akalipwa mzizi mmoja. Ngiri alikuwa amesimama mlangoni, mpole kama shemeji mgeni.

"Nasikia mnasafiri," akasema. "Ingieni kwanza mpumzike."

Kesho yake nyika nzima ilisikia kilio. "Udongo umewafunika! Ukame umeangusha paa! Mke wangu! Wanangu wote!"

Wanyama wakaja matangani. Simba akasema marehemu alikuwa mke mtiifu. Fisi akauliza kama chakula kitapikwa. Sungura akaenda mlangoni, akagonga udongo kwa ukucha. Nyika yote ilikuwa vumbi tupu, lakini pale palikuwa pagumu kama chungu, na pamejaa alama za kwato.

"Pole sana, Bwana Ngiri," akasema. "Ndiyo hasara ya kujenga ovyo. Paa bovu huua."

Ngiri akaacha kulia papo hapo. "Ovyo? Mimi? Tembo amepita juu ya paa hilo mara ngapi! Halijadondosha hata chembe mpaka leo!"

"Mpaka leo," Sungura akaitikia. "Basi kilichoanguka ni nini?"

Sungura akaugonga tena ule udongo.

"Na udongo huu umekandwa kwa maji gani, wakati ya kunywa watoto hayakuwepo?"

"Ni... ni machozi yangu."

"Machozi yenye kwato?"

Simba akanguruma kwa nguvu, maana aibu ilikuwa imemkalia na alitaka imhamie mwingine. Mlango ukabomolewa. Watoto walikutwa nyuma kabisa. Mwanamvua alikutwa amegeuka, uso mlangoni, kama ngiri anavyopaswa kukaa, na kwato zake zimesagika kwa kuchimba.

Wakazikwa. Kuhusu utiifu hakuna aliyesema tena.

"Naye alale humo humo," Simba akaamua.

Ngiri akageuka ili aingie kinyumenyume.

"Tanguliza kichwa," Sungura akamwambia. "Ndiyo amri ya nyumba hii."

"Nikitanguliza kichwa nitamwonaje aliye nyuma yangu?"

"Wanao walimwonaje?"

Ngiri akatazama huku na huku. Wale waliomsifia nidhamu walikuwa wanakagua kucha zao. Nyuma yake alisimama rafiki yake Fisi, ambaye tangu ukame uanze alikuwa hajala ila mzizi mmoja, na mate yalikuwa yanamchuruzika.

"Tangulia, ndugu yangu," Fisi akasema. "Nipo nyuma yako."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Huyu aliingia ametanguliza kichwa, na Fisi akaanzia mkiani.