Mwalimu Aliyeminya Breki

Ndugu zangu, mwalimu mmoja alikuwa na mama yake ng'ambo ya mlima, mahali ambapo gari halifiki. Miaka minne hawakuonana. Siku moja mama akampa salamu mchuuzi wa vitunguu: "Mwambie mwanangu macho yananiishia. Aje niuone uso wake kabla hayajazima."

Mwalimu akaagiza pikipiki, zile ndefu za kupandia milima, zenye tairi za meno. Ikaletwa ndani ya sanduku la mbao, gurudumu la mbele likiwa limefunguliwa. Usukani akaufunga mwenyewe. Kwenye breki ya mbele akakuta kipande cha plastiki, akakitoa akidhani ni cha kufungashia. Gurudumu akaogopa kuligusa, akaamua kumsubiri fundi. Na fundi alikuwa akija kijijini siku ya gulio tu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Siku hizo pikipiki ilikaa sebuleni juu ya gogo.

Fundi akaja. Akainua gurudumu, akalilenga mahali pake. Diski ya breki, ile sahani ya chuma iliyo kwenye gurudumu, ikagoma kuingia. Akajaribu mara nne.

"Wametuletea gurudumu la pikipiki nyingine," mwalimu akasema. Jasho lilikuwa likimtoka. "Lirudishwe mjini. Lakini fundi, mvua zikianza ile njia inakatika!"

Fundi alikuwa amepiga magoti, anachungulia.

"Gurudumu ni lake," akasema. "Pedi za breki, hizi zinazoibana diski, ndizo zimekutana, diski haina pa kupita. Mwalimu, nani alikuwa anaminya breki?"

Mke wa mwalimu akacheka kutoka jikoni.

"Nani mwingine? Kila jioni huyo anakwenda kwa mama yake! Anapanda hapo, anaminya breki, anateremka mlima. Nikimwita chakula ananiambia, 'Ngoja kwanza nivuke mto.'"

"Ukiminya gurudumu halipo, pedi zinasogea mpaka zinabanana," fundi akasema. "Hazirudi zenyewe. Ile plastiki ndiyo ilikuwa inazizuia."

Akapenyeza bisibisi bapa katikati ya pedi, akasukuma taratibu. Zikaachana. Gurudumu likaingia. Kazi yote haikufika nusu saa. Akafuta mikono, akauliza, "Kwani kwa miguu ni mbali?"

"Siku moja na nusu."

Fundi akamtazama, kisha akaanza kukusanya vifaa vyake.

Mwalimu aliondoka saa hiyo hiyo. Giza likamkuta mlimani, akalala huko, akafika kesho yake asubuhi. Mama alikuwa amekaa mlangoni, akageuza kichwa kufuata mlio.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama."

"Sogea, mwanangu."

Akasogea.

"Sogea tena."

Akasogea mpaka magoti yao yakagusana. Mama akainua mikono, akampapasa paji la uso, mashavu, kidevu.

"Jumapili nilikuwa bado naona," akasema.

Ndugu zangu, nani kati yenu atasema mwalimu hakumpenda mama yake? Alimpenda. Alimwendea kila jioni, siku kumi na moja mfululizo, na mama hakumwona hata mara moja.

Ndivyo tulivyo sisi. Tuna ndugu tuliyegombana naye, na kila siku tukiwa shambani tunapanga maneno ya kumwomba radhi. Tunayasema vizuri, hata machozi yanatutoka. Yeye je, ameyasikia? Tunamtamani Mungu. Tunakaa kwenye mabenchi haya tunamwimbia, tunafumba macho, tunajiona tumeshafika kwake. Tukifumbua, tuko palepale. Halafu tunashangaa mambo hayaingii mahali pake, tunalaumu waliotuletea gurudumu. Mkono uliominya ni wa nani?

Hamu ni kitu chema, Mungu ndiye aliyetupa. Lakini alitupa ili itutoe nyumbani. Ukiikalia, inakupa raha ya kufika, na miguu haidai tena kwenda.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengine. Nayaacha. Wimbo wa mwisho pia tuuache. Kila mmoja wenu, nilipomtaja yule mama, kuna mtu alimkumbuka. Inukeni. Mimi natangulia mlangoni, na baraka mtaipokea hapo, mkiwa mnapita kwenda kwake.