Sehemu ya Pili Inauzwa Kando

Kwachu!

Kufuli hilo, jamani. Mlio mmoja tu usiku, kisha kimya. Kulipokucha, duka la filamu lilikuwa wazi na mtaa mzima ulikuwa barabarani.

Palikuwa na tajiri pale mtaani, jina lake Chambuso, msambazaji wa filamu za diski. Majalada aliyabandika ukutani nje ya duka, na wasio na hela waliyasoma bure, wakashiba kwa kusoma. Kwenye kila jalada jina lake lilikaa juu, kubwa kuliko la mwigizaji, kubwa kuliko la filamu yenyewe. Tena alikuwa na kisu huyo bwana! Akipata filamu nzima, anaikata vipande viwili. Unanunua Sehemu ya Kwanza, unaitazama na familia, unafika pale mtu anapofungua mlango, anashtuka, anasema, "Kumbe ni we..." Giza. Subiri Sehemu ya Pili. Bei ileile.

Ukimuuliza mbona ghali, anakuonea huruma.

"Wezi, ndugu yangu. Wezi wa kazi za sanaa ndio wanaopandisha bei. Mimi mwenyewe naumia."

Basi tangu Ramadhani mtaa ulikuwa umekwama kwenye filamu ya bwana harusi aliyelishwa sumu. Kalishwa na nani? Hata mwenyekiti wa mtaa, Mzee Lukindo, hakuwa akilala vizuri. Na sasa kufuli limevunjwa, na diski mama ya Sehemu ya Pili, ile inayozaa nakala zote, haipo.

Chambuso aliingia ofisini kwa mwenyekiti akiwa amemkwida mlinzi wake, Shomari. Umati nyuma yao.

"Mwenyekiti, mwizi wangu huyu hapa. Aende polisi leo hii. Na nyie wateja wangu msinilaumu. Waigizaji itabidi waitwe upya, kwa hiyo Sehemu ya Pili bei yake ni mara mbili."

Watu wakaguna.

"Bosi," Shomari akasema, shingo imebanwa, "si ulinituma chipsi? Nimerudi nakuta kufuli chini."

"Mimi? Nile chipsi usiku, mimi mgonjwa wa sukari?"

Hapo akapenya mwanamke mmoja, mikono imejaa unga. Siwema, mke wa Shomari, muuza vitumbua. Nyumba yake inatazamana na duka.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba."

"Mwizi mimi nimemwona."

Watu wakasukumana kumkaribia.

"Niliamka kuangalia unga kama umeumuka. Nikasikia kwachu. Nikachungulia dirishani. Naona mgongo wa mtu, nyundo mkononi. Akaingia. Akatoka, diski kwapani. Akapita chini ya taa ya barabarani, akageuka, nikamwona uso. Nikasema moyoni, kumbe ni we..."

Akajifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kimoja kimoja.

Mwenyekiti alikuwa ameshasimama. "Kumbe ni nani?"

"Sehemu ya Pili inauzwa kando, mwenyekiti."

Ofisi ikalipuka kwa vicheko. Chambuso hakucheka.

"Huu ni ushahidi, si filamu!"

"Ushahidi ndiyo. Na msambazaji wake ni mimi."

"Muongo. Huna cha kusema."

"Bosi, na wewe ukituuzia ya kwanza, huwa tunajua kama ya pili unayo?"

Sauti ikatoka nyuma: "Mama Vitumbua, bei gani?"

"Ghali, mwanangu. Kuna gharama ya umeme."

"Umeme gani?" Chambuso akadakia. "Si ulikuwa gizani!"

"Giza nalo bei, Bosi. Kila mwisho wa filamu wewe unatuuzia."

"Haya, tutachanga!" mtu akasema.

"Halafu kuna wezi," Siwema akaendelea, anasikitika kabisa. "Nikilitaja jina hapa, jioni kila mtu atalirudia bure. Mimi mwenyewe naumia."

Mwenyekiti akavua kofia yake, akaigeuza, akaanza kuipitisha watu wachange. Chambuso akaidaka.

"Asinunue mtu! Jamani, mambo yaishe. Mimi nimesamehe."

Mzee Lukindo akamtazama. "Umeibiwa wewe, na mwizi hutaki kumjua?"

"Nina huruma."

"Tangu lini?" umati ukauliza kwa pamoja.

Jasho likaanza kumtoka tajiri, akamsogelea Siwema. "Taja bei yako. Nanunua mimi, peke yangu."

"Mwachie mume wangu shati lake. Kisha useme, watu wote wasikie, kwamba Shomari si mwizi."

"Shomari si mwizi!" Chambuso akapaza sauti, mkono umeshaachia ukosi. "Mmesikia wote? Hana kosa. Kazi yake anayo, na mshahara wake anao. Mwenyekiti, andika!"

Mwenyekiti akaandika. Shomari akanyoosha shingo, akaenda kusimama karibu na mkewe.

"Sasa," Chambuso akasema, pumzi zimemrudia, "hiyo Sehemu ya Pili ni mali yangu. Nimeinunua. Na sheria ya diski mnaijua: ni ya mnunuzi peke yake. Marufuku kuazimisha, marufuku kuonyesha majirani. Kwa hiyo, mama, mdomo wako ufunge."

"Haki yako, Bosi. Hadithi ni yako. Sitaisimulia hata kidogo."

Umati ukalia kama umefiwa. Mzee Lukindo akakaa chini, akavaa kofia yake.

Siwema akaufikia mlango, akageuka.

"Ila jalada huwa mnabandika nje, au siyo? Kila mtu anasoma bure?"

"Jalada tu," Chambuso akasema.

"Basi nawasomea jalada." Akainua kiganja chake chenye unga mbele ya uso, kama mtu anayesoma ukutani. "Mtunzi, mwongozaji na mwigizaji mkuu: Chambuso."