Ndiyo ya Mheshimiwa Sichalwe

"Ndiyo ya wengi hurudi nyumbani peke yake."

Rozina ameisikia leo kwenye kikao cha kikundi chenu cha nyuki, amekuja kuniuliza imetoka wapi, nanyi nyote mmemfuata kana kwamba nagawa sukari. Kaeni basi. Kuna watakaowaambia kwamba ni maneno ya wahenga. Wahenga gani? Mimi nilikuwapo ilipozaliwa, na meno yangu bado ninayo karibu yote. Asili yake ni hii.

Nilikuwa karani wa vikao katika halmashauri ya wilaya. Kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya mwenyekiti na kuandika kila kilichosemwa. Madiwani walikuwa ishirini na wanne, kila mmoja na kata yake, wote wamevaa majoho. Wa mwisho kabisa, kwenye kiti cha karibu na dirisha, alikaa Mheshimiwa Deusi Sichalwe wa kata ya Zunguli.

Zunguli iko juu ya mlima, na wakati ule gari halikufika. Sichalwe alishuka kwa miguu siku nzima, joho lake amelikunja ndani ya mfuko wa plastiki lisilowe. Alikuwa mgane. Mkewe alifariki akiwa amebebwa kwenye machela, akipelekwa kujifungulia mjini. Walikuwa hata nusu ya mteremko hawajafika. Baada ya msiba huo watu wa Zunguli walifyatua matofali, wakajenga zahanati kwa mikono yao, wakamchagua Sichalwe awatafutie muuguzi. Miaka mitatu jengo likakaa tupu. Kila Jumamosi alikwenda kulifagia mwenyewe. Nilimuuliza siku moja kwa nini anafagia mahali pasipoingia mtu. Akanijibu kwamba nyumba isiyofagiwa husahaulika.

Mjini hakuwa na wa kuzungumza naye. Si kwamba walimchukia, hawakumjua tu. Wenzake walikuja wawili wawili, walikuwa na utani wao na mashemeji wao. Yeye alikunywa chai amesimama kwenye baraza, akitazama barabara. Mimi nilimwona, nikasema moyoni kwamba huyu bwana ana upweke, kisha nikarudi kwenye makaratasi yangu.

Sasa, katika vikao vile kulikuwa na desturi. Kata zilisoma taarifa zake kwa kufuata alfabeti. Njaa ikianza kuuma, mwenyekiti, Mheshimiwa Kalikwenda, huuliza: "Waheshimiwa, zilizobaki zichukuliwe kuwa zimesomwa?" Nao huitikia "Ndiyo!" huku wakigonga meza, maana harufu ya pilau imeshaingia ukumbini. Zunguli inaanza kwa herufi gani? Mnaona. Kwa miaka mitatu taarifa yake haikusomwa kwa sauti hata mara moja, na mimi katika muhtasari niliandika kwamba imesomwa.

Ukafika mwaka ambao wilaya ilipewa muuguzi mmoja wa kupangwa vijijini. Mmoja tu. Kanuni ilikuwa kwamba kata inayomtaka iombe ndani ya taarifa yake, kwa sauti, mbele ya baraza la madiwani. Sichalwe aliandika ombi lake ukurasa wa nne, kwa mwandiko wa kutulia. Binti yake wa pekee, Veneranda, alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa tano. Baba mtu alikuwa amemwahidi kwamba hatapanda machela ya mama yake. Watu wa Zunguli nao aliwaambia wamngoje kileleni Ijumaa, awaletee jina la muuguzi, na Mungu akijalia aje na muuguzi mwenyewe.

Asubuhi ya kikao, wakati wa chai, likatokea jambo dogo. Mheshimiwa Kalikwenda alimwona barazani akamwita, "Sichalwe, mbona unajitenga kama mwali? Njoo kaa nasi!" Wakamsogezea kiti, wakamtania kuhusu mlima wake, wakamwongezea maandazi. Alicheka, wajukuu zangu. Sikuwahi kumwona akicheka. Alipoingia ukumbini alikuwa kama mtu aliyepata ndugu.

Kikao kikaanza. Yakaja maji, ikaja barabara, na hayo yalikwenda upesi. Ikaja sikukuu ya mavuno ya wilaya. Hapo walibishana saa mbili nzima, turubai la wageni litazame magharibi au mashariki, na kwaya ipi itangulie. Zilipoanza taarifa za kata, matumbo yalikuwa yanalia. Zikasomwa haraka haraka. Ilipobaki Zunguli peke yake, mwenyekiti akafunga faili.

"Waheshimiwa, iliyobaki ichukuliwe kuwa imesomwa?"

"Ndiyo!" wakaitikia, na meza zikagongwa.

Nilikuwa namtazama Sichalwe. Alikuwa ameshaanza kunyanyuka, karatasi zake mkononi. Jirani yake, yule aliyempa maandazi, akamgeukia na kumtabasamia. Sichalwe akakaa. Akafungua mdomo, naye akasema ndiyo.

Ikaja hoja ya muuguzi. Mwenyekiti akaniuliza ni kata zipi zimesikika zikiomba. Nikasoma: Igundwe, basi. Igundwe iko kando ya lami, na kituo cha afya kiko ng'ambo tu ya barabara. Sichalwe akasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, hata Zunguli imeomba. Iko ukurasa wa nne."

"Taarifa za kata tumeshazifunga, Mheshimiwa."

"Lakini yangu haijasomwa!"

"Tuliuliza ichukuliwe kuwa imesomwa. Wewe ulijibuje?"

Yule wa maandazi alikuwa anatazama kucha zake.

"Nilisema ndiyo," alisema Sichalwe, na sauti yake hata mimi, ambaye kazi yangu ni kusikia, niliisikia kwa shida.

Na ule ukurasa wa nne, wajukuu zangu, ulikuwa mbele yangu. Nilikuwa nimeusoma siku mbili kabla. Karani hasemi asipoulizwa, ndivyo nilivyofundishwa, na nikalishika fundisho hilo kama mjinga. Nimelionea aibu mpaka leo.

Muuguzi akapewa Igundwe, na wenzake wakaenda kula. Yeye alikunja joho akaondoka. Yaliyotokea kileleni alinisimulia mwenyewe baadaye. Watu walikuwa wamejipanga, akina mama wamebeba kuku, ngoma zimeshaanikwa juani. Walipomwona walipiga vigelegele, kisha wakaanza kuchungulia nyuma yake njiani, wakidhani mgeni amechoka, anakuja polepole. Alingoja vigelegele viishe. Angeweza kulilaumu baraza, na wangemwamini. Akawaeleza yote kama yalivyokuwa, na ndiyo yake akaitaja.

Hakuna aliyemtukana. Walibeba kuku wao wakatawanyika. Akabaki Veneranda.

"Baba, mlisema ndiyo watu wangapi?"

"Ishirini na wanne, mwanangu."

"Wamekuja huku na wewe wangapi kutueleza?"

Veneranda alikaa chini akalia, kisha akasema hamlaumu, ila hapo hatajifungulia. Mwezi uliofuata, angali ana nguvu za kutembea, alishuka mjini na mumewe, wakapanga chumba karibu na hospitali. Alijifungua salama, wa kiume. Hawakurudi tena. Wasichana wengine wa Zunguli wakaona njia, wakashuka mmoja mmoja kila walipobeba mimba, nao wengi wakabaki huko huko.

Kikao kilichofuata, mwenyekiti alipouliza swali lake la njaa, "Ndiyo!" ilijaa ukumbi, na nyuma yake, kutoka kiti cha dirishani, likasikika neno moja: "Hapana." Sichalwe alisoma kurasa zote saba, pilau ikapoa. Hakuna aliyemwita kwenye chai tena. Lakini wilaya ilipoletewa muuguzi mwingine, alipangiwa Zunguli.

Nilimsindikiza huyo muuguzi kwenda Zunguli mimi mwenyewe. Alifungua mlango, akaandaa kitanda cha kujifungulia, akakaa kungoja akina mama. Wiki ikapita, ikaja nyingine. Waliokuja ni wazee wa magoti na kikohozi. Jioni moja Sichalwe alikaa nami kizingitini pa zahanati, pazuri, pasafi, pakimya. Kutoka pale mtu huona taa za mji kule bondeni zikianza kuwaka. Alizitazama kwa muda mrefu, kwa sababu mjukuu wake alikuwa huko, naye alimwona siku za vikao tu.

"Karani," akaniambia, "andika na hili. Ndiyo ya wengi hurudi nyumbani peke yake."